Ukitafuta gari la milimani, usitazame tairi, tazama mkono mdogo wa gia

Ndugu msomaji, kuna gari moja ambalo kila nikipita mpakani Mugina huwa nalikumbuka. Lilikuwa jeusi, limeinuka, lina matairi mapya yenye meno makubwa, na nyuma limebandikwa kibati kinachosomeka 4x4. Walilinunua kina mama 11 kwa pamoja. Wengi wao walikuwa wamerejea nyumbani Burundi kutoka kambi za Tanzania, na kila mmoja alitoa akiba yake yote ili waache kukodi magari ya watu kubebea mawese na maharage kutoka vijijini.

Siku moja nilipewa lifti katika gari hilo. Tulikuwa tunashuka moja ya njia za Mumirwa, ule mteremko mkali unaotazama Ziwa Tanganyika. Mvua ilikuwa imeosha udongo wote, yamebaki mawe matupu. Dereva alikuwa ameweka gia ya kwanza, na bado gari lilikuwa linakimbia kuliko njia ilivyoruhusu. Akawa anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga tena, mpaka tukaanza kusikia harufu ya kuungua. Mara mguu wake ukazama hadi chini, breki haikushika. Namshukuru Mungu kwamba kijana yule hakupoteza akili. Aliligongesha gari kwenye ukingo wa mlima, si upande wa bonde.

Hakufa mtu. Lakini rejeta ilipasuka, madumu yakatoboka, na mtaji wa kina mama 11 ukamwagika kwenye mawe mbele ya macho yao. Mama mmoja mtu mzima aliniuliza: "Mwanangu, si walituambia hili ni gari la milima?"

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Gari lile lilivuta kwa magurudumu yote manne, hiyo ni kweli. Lakini halikuwa na gia nzito ya pili. Pembeni ya mkono mkubwa wa gia hapakuwa na ule mkono mdogo ulioandikwa H2, H4, N na L4. Kwa maneno mengine, walinunua umbo la jipu bila kununua moyo wake.

Huku kwetu kila gari lililoinuka tunaliita jipu. Tunauliza limetumika miaka mingapi, injini yake ni kubwa kiasi gani, linakula mafuta kiasi gani. Ni maswali mazuri. Hata hivyo, kwa mtu anayepita kwenye mawe na miteremko, swali la kwanza lingekuwa: je, lina L4, na hiyo L4 inapunguza mwendo mara ngapi?

Naomba nieleze bila kutumia lugha ya mafundi. Nyuma ya gia boksi ya gari la namna hii kuna boksi nyingine ndogo, mafundi huiita transfa. Kazi yake ya kwanza ni kugawa nguvu ya injini kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kazi yake ya pili, ambayo wengi hawaijui, ni kupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Ukiweka L4 yenye kipimo cha 2.5, gari linakwenda mara 2.5 polepole zaidi kwa mzunguko uleule wa injini, na nguvu inayofika kwenye magurudumu inaongezeka kwa kiasi hichohicho. Injini ni ileile na mafuta ni yaleyale, lakini gari limekuwa jingine.

Ukitaka kujua gari lina uwezo gani kwenye mawe, zidisha namba tatu: kipimo cha gia ya kwanza, kipimo cha L4 na kipimo cha difu. Chukua Land Cruiser ya 79 yenye injini ya V8 ya dizeli. Gia yake ya kwanza ni 4.529, L4 ni 2.488 na difu ni 3.909. Ukizidisha unapata 44. Maana yake injini huzunguka mara 44 ili gurudumu lizunguke mara moja. Injini ikiwa katika mvumo wake wa chini, tuseme mizunguko 700 kwa dakika, na tairi za kawaida za gari hilo, linatembea kama kilomita 2.4 kwa saa. Ukiondoa L4 ukabaki na gia ya kwanza peke yake, linakwenda karibu kilomita 6 kwa saa.

Mtu anayetembea kwa miguu huenda kilomita 4 au 5 kwa saa. Kwa hiyo gari lisilo na L4, hata kama dereva hajagusa mafuta, linampita mama aliyejitwika kikapu. Gari lenye L4 linabaki nyuma yake. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayookoa tairi, klachi, breki na roho za watu.

Fikiria gurudumu linapofika kwenye jiwe. Gari lililo katika L4 hulipanda taratibu, likakaa juu yake, kisha likashuka upande wa pili bila kishindo. Gari lisilo na L4 lina njia mbili tu. Ama dereva anashikilia klachi nusu nusu mpaka iungue, ama anakanyaga mafuta gari liruke, na likiruka hutua kwenye sampo ya oili, kwenye difu au kwenye ubavu wa tairi. Wanaoishi chini ya milima ya volkano wanaelewa ninachosema. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava kupita katikati ya Goma, magari yalilazimika kupita juu ya makoro, yale mawe meusi yenye ncha kali kama chupa iliyovunjika. Kwenye makoro mwendo wa kasi ni kununua tairi mpya.

Wakati wa kushuka jambo ni zito zaidi. Katika L4 na gia ya kwanza, injini yenyewe ndiyo inayolizuia gari. Breki hazichemki kwa sababu hazifanyi kazi peke yake. Gari la kina mama wale lilikuwa na breki nzima asubuhi ile. Kilichozimaliza ni kufanya kazi ambayo ilikuwa ya gia.

Sasa tuangalie magari tunayoyaona mpakani. Toyota RAV4 na Harrier, hata zile zinazovuta kwa magurudumu manne, hazina L4. Ni magari mazuri ya mjini na ya barabara ya vumbi iliyochongwa. Suzuki Jimny ni ndogo lakini inayo, kipimo chake ni 2. Nissan Patrol nyingi za zamani nazo ziko kwenye 2.02, na Mitsubishi Pajero ni 1.9. Hilux za zamani zina 2.28, zile zilizotoka kuanzia 2005 zina 2.57. Land Rover Defender inazishinda zote hizo: transfa yake hupunguza kwa 3.32. Ndiyo maana Defender iliyochoka bado hupanda mahali ambapo gari jipya linageuza.

Niwageukie ndugu zetu waliorejea kutoka Marekani na Canada. Wengine wamerudi na mapenzi ya mchezo wa kule wa kupandisha magari juu ya miamba. Mchezo huo una sehemu zake mashuhuri, kama njia ya Rubicon huko California na miamba myekundu ya Moab katika jimbo la Utah. Wachezaji wa kule wametufundisha jambo kubwa: kwenye jiwe anayeshinda ni mwenye gia nzito kuliko wote, wala si mwenye injini kubwa. Kampuni ya Jeep ilisikia somo hilo ikatoa Wrangler Rubicon, ya modeli ya 2003, yenye L4 ya 4.0, wakati Wrangler ya kawaida ilikuwa na 2.72. Baadaye ilipopewa gia boksi ya gia sita, hesabu yake ya jumla ilifika 73. Ukiipa tairi na mvumo wa injini kama wa ile Land Cruiser, inatambaa kilomita 1.4 kwa saa, mwendo wa kinyonga.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Kwenye Hilux za zamani hutoa gia za 2.28 ndani ya transfa na kuweka za 4.7. Wengine hufunga transfa mbili, moja nyuma ya nyingine. Mbili za 2.28 zikiwekwa pamoja unapata 5.2, na ukichanganya 2.28 na 4.7 unapata zaidi ya 10. Kwa hesabu hiyo dereva anaweza kufungua mlango, akatembea kando ya gari lake na kuzungumza na watu njiani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya ndugu zangu. Nimesikia kijana akiwashauri wafanyabiashara waagize gia za 4.7 au transfa ya pili, ati ndizo dawa ya milima yetu. Mimi nasema hapana. Dawa ya mgonjwa mmoja si ya wote.

Kwanza, mpanda miamba wa Moab hajabeba mzigo. Gari lake ni tupu, anakwenda kilomita chache kwa siku nzima, na akivunja kitu wenzake wana vipuri na winchi. Mfanyabiashara wetu amebeba magunia mpaka springi zimelala. Ukitoka kwenye L4 ya 2.5 kwenda ya 4, nguvu inayofika kwenye ekseli na krosi za propela inaongezeka kwa asilimia 60. Dereva mwenye mguu mzito na gari lililojaa atakata ekseli mahali ambapo fundi wa karibu yuko siku mbili kwa miguu. Gia ile nzito inataka na ekseli zenye nguvu, na dereva aliyefundwa.

Pili, njia zetu hazina mawe peke yake. Tuna tope, na tope lina sheria yake. Kwenye tope unahitaji gurudumu lizunguke kwa kasi ya kutosha lijisafishe meno. Gari lenye L4 ya 4.7 linakwenda polepole mno hata likiwa gia ya pili au ya tatu, na ukirudi H4 unakosa nguvu. Katikati panakuwa na shimo, na shimo hilo ndimo magari yanamokwama. Aliyefunga transfa mbili huliziba, kwa sababu anaweza kutumia moja akaacha nyingine. Lakini transfa mbili zinachukua nafasi, propela ya nyuma inakuwa fupi na pembe yake inakuwa kali, hasa kwenye magari mafupi. Na kila kilichoongezwa ni oili nyingine, sili nyingine na fundi mwingine.

Tatu, pesa. Gia hizo zinaagizwa kutoka mbali, na zikiharibika huzipati kwenye duka la vipuri la Kigoma wala la Bujumbura. Transfa ya asili ya Land Cruiser au ya Hilux utapata iliyotumika karibu kila mji wenye soko la vyuma.

Kwa mtazamo wangu, mwenye kubeba mzigo atafute gari lililotoka kiwandani na L4 yenye kipimo kati ya 2.3 na 3.3, aliache kama lilivyo. Jimny na Patrol zilizo kwenye 2 nazo si vibaya, kwani gia ya kwanza na difu zake huziba pengo. Jimny mpya ya gia za mkono, kwa mfano, inafika 36 kwa jumla, na wepesi wake unasaidia. Mwenye biashara ya kuvuta magari yaliyokwama, au anayefanya safari fupi kwenye mawe matupu, huyo anaweza kufikiria 4.0. Yeye amejua anachokitafuta na ana uwezo wa kukitunza.

Kuna kosa moja linalofanywa na wengi, nao ni watu wanaojiona wajuzi. Wanafunga matairi makubwa. Tairi la sentimita 75 likibadilishwa na la sentimita 85, gari linainuka na linapendeza, lakini gia zote zimepoteza karibu asilimia 12 ya nguvu zake. Umelipa pesa ili L4 yako iwe nyepesi. Kama ni lazima kupandisha tairi, badilisha na gia za difu, za mbele na za nyuma kwa pamoja na kwa kipimo kimoja. Difu mbili zenye vipimo tofauti zitavunja transfa siku ya kwanza utakapoingiza magurudumu ya mbele.

Najua yupo atakayesema: "Mbona Corolla na Probox zinapita hukohuko, na hazina hiyo L4 yako?" Ni kweli zinapita. Zinapita kiangazi, zinapita kwa kusukumwa na vijana wanaolipwa, na zinapita kwa dereva anayeijua kila kona. Lakini tusihesabu zilizofika tu, tuhesabu na zilizolala bondeni. Mwingine atasema gari la otomatiki halihitaji L4. Kupanda, otomatiki husaidia sana. Kushuka, hulizuia gari kidogo kuliko gia za mkono, kwa hiyo ndilo linaloihitaji zaidi.

Kwa wale wanaojiandaa kununua, nawaomba wafanye mambo machache kabla ya kutoa fedha.

Chungulia chini ya gari uone kama propela ya mbele ipo. Wapo wanaoiondoa ili kupunguza mafuta, kisha wanauza gari kama la magurudumu manne.

Simamisha gari, weka nyutro kwenye gia boksi, kisha ingiza L4. Ikiwa ni ya mkono, iingie bila kupigana. Kama gari lina loki kwenye vitovu vya magurudumu ya mbele, hakikisha zimefungwa. Halafu ondoka kwa gia ya kwanza na mwambie mwenzako atembee kando. Akiliacha gari nyuma, L4 inafanya kazi.

Tafuta mteremko mfupi ulio salama, shuka katika L4 bila kukanyaga klachi. Mkono mdogo ukiruka wenyewe kutoka mahali pake, achana na gari hilo au dai punguzo la kukarabati transfa. L4 inayoruka kwenye mteremko ni hatari kuliko kutokuwa nayo, maana dereva ameiamini.

Fungua boliti ya oili ya transfa. Oili ikiwa na vumbi la chuma au rangi ya maziwa, fundi alione kwanza.

Ukishanunua, mfundishe dereva. L4 huingizwa juu ya mlima kabla ya kuanza kushuka, gari likiwa limesimama. Haitafutwi katikati ya mteremko. Ile herufi N kwenye mkono mdogo ni ya kuogopwa: ikiwa hapo, gia yoyote utakayoweka, hata P ya otomatiki, hailishiki gari. Kwenye lami kavu, gari lisilo na difu ya katikati lisiendeshwe katika H4 wala L4, litajikaza mpaka livunjike. Na ile tabia ya kushuka kwa nyutro ili kuokoa mafuta, waliokufa kwa sababu yake hawakuokoa hata lita moja.

Nirudi kwa kina mama wale. Walikaa miezi mingi bila gari. Wengine walirudi kubeba kichwani. Hatimaye walichangishana tena, wakapata Hilux ya zamani, rangi imepauka, matairi ya kawaida, kiti cha nyuma kimechanika. Walipokwenda kuiona, yule mama mtu mzima hakutazama rangi. Aliingiza kichwa dirishani akamwuliza muuzaji: "Baba, nionyeshe ule mkono mdogo."

Swali hilo lilimgharimu mtaji mzima kulijifunza. Wewe ndugu msomaji, uliyerejea na akiba ya miaka au unayevuka mpaka kila wiki kutafuta riziki, umelipata kwa bei ya gazeti. Vikundi vyetu vimpeleke fundi kabla ya kupeleka fedha, na fundi huyo alale chini ya gari, asiishie kuzunguka akipiga mateke matairi. Mwenda pole hajikwai, na milimani mwenda pole ni yule mwenye L4.